Maziko ya kale ya kuchoma maiti katika Bonde la Ufa

Maziko ya kale ya kuchoma maiti katika Bonde la Ufa ni mabaki ya watu wa kabla ya historia ambao miili yao ilitiwa moto badala ya kufukiwa mizima. Mfano unaojulikana zaidi katika Afrika ya Mashariki ni Pango la Mto Njoro, karibu na Nakuru nchini Kenya, ambako Mary Leakey na mumewe Louis Leakey walichimba mwaka 1938 wakakuta mabaki ya watu karibu 80. Upande wa Tanzania wafugaji wa zama hizohizo wanajulikana hasa kutokana na uchimbaji wa Luxmanda, katika Wilaya ya Babati, Mkoa wa Manyara.

Watu wa Njoro na wa Luxmanda waliishi takriban miaka 3,000 iliyopita. Wote walifuga, wote walitumia mabakuli ya mawe, na hakuna aliyejua kuandika. Kwa hiyo karibu kila kinachojulikana kuhusu imani na desturi zao kimetoka ardhini, na sehemu kubwa ya hicho imetoka katika maziko.

Babati na wafugaji wa kwanza

Mji wa Babati uko kwenye barabara kuu ya kutoka Arusha kwenda Dodoma, kando ya Ziwa Babati na chini ya Mlima Kwaraa. Ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, ulioanzishwa mwaka 2002. Wakazi wa asili wa eneo hilo ni pamoja na Wagorowa, Wairaqw, Warangi na Wabarbaig. Ni nadra kupata mahali pengine katika Afrika ambapo wasemaji wa lugha za Kikushi, za Kinilo na za Kibantu wanakutana katika soko moja, na majirani wao Wasandawe na Wahadza wana lugha zenye sauti za kidoko ambazo haziingii katika makundi hayo yote.

Luxmanda iko katika nyanda za juu za Mbulu, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mahali penye baridi na malisho mazuri. Eneo hilo la kiakiolojia lilitambuliwa mwaka 2012. Waliolichimba ni timu ya Watanzania na wageni, wakiwemo Audax Mabulla, Agness Gidna, Mary Prendergast na Katherine Grillo. Walikuta mifupa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi, mavi ya mifugo yaliyogeuka tabaka la udongo, vyungu vya mtindo unaoitwa Narosura, zana za mawe na za mfupa, mabakuli ya mawe na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Luxmanda inahesabiwa kuwa makazi makubwa zaidi, na ya kusini zaidi, kati ya makazi yanayojulikana ya wafugaji wa zama zile. Mafuta yaliyonyonywa na kuta za vyungu yalipopimwa maabara, na matokeo kuchapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba katika vyungu vya wafugaji hao palipikwa maziwa, nyama na mimea.

Huko pia mabaki ya binadamu yalipatikana. Mwaka 2017 DNA ya mtu mmoja wa Luxmanda, aliyeishi miaka ipatayo 3,100 iliyopita, ilichapishwa katika utafiti ulioongozwa na Pontus Skoglund. Takriban asilimia 38 ya nasaba yake ilihusiana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati, na iliyobaki ilihusiana na watu wa kale wa Afrika ya Mashariki. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba mfugaji aliyeishi magharibi mwa Afrika Kusini miaka 1,200 iliyopita alikuwa na nasaba inayofanana na ya mtu wa Luxmanda. Kwa maneno mengine, mifugo ilipofika kusini mwa bara haikwenda yenyewe. Ilifuatana na wazao wa watu waliopita nyanda hizi.

DNA hiyo isingepatikana kama mwili ungechomwa hadi mifupa ikawa meupe. Hapo ndipo ugumu wa maziko ya Njoro unapoonekana.

Pango la Mto Njoro

Mto Njoro unatoka milima ya Mau na kumwaga maji yake katika Ziwa Nakuru. Katika kingo zake kuna mapango kadhaa, na katika moja la mapango hayo Mary Leakey, aliyezaliwa London mwaka 1913, alifanya mojawapo ya kazi zake za kwanza kubwa katika Afrika. Alikuwa ametoka kuchimba Hyrax Hill, kando ya Nakuru, mwaka 1937 na 1938. Sifa za Olduvai na nyayo za Laetoli zilikuwa bado mbali sana.

Ndani ya pango hapakuwa na kaburi moja moja lenye mipaka. Palikuwa na rundo la mifupa iliyoungua, makaa na vitu vya marehemu, vimechanganyika kwa sababu watu walizikwa humo mmoja baada ya mwingine kwa muda mrefu. Idadi ya karibu 80 haikutokana na kuhesabu mifupa mizima, ambayo ilikuwa michache, bali kwa kuhesabu sehemu za mwili ambazo kila mtu anazo kwa idadi maalumu. Walikuwemo wanaume na wanawake, na watoto pia.

Kila marehemu alionekana kuwa na seti yake: bakuli la jiwe, mchi wa jiwe na jiwe la kusagia. Ulingano huu ni jambo la ajabu kidogo. Katika jamii nyingi jiwe la kusagia ni chombo cha mwanamke, na mtafiti asiye mwangalifu angeweza kuona mawe mengi ya kusagia akasema hapa palizikwa wanawake. Lakini Njoro seti hiyo haikuchagua jinsia.

Pamoja na seti hizo kulikuwa na visu na vipande vya obsidiani, ambayo ni kioo cheusi cha volkeno, vyungu, na shanga nyingi mno. Baadhi ya shanga zilikuwa za mawe ya rangi yaliyotobolewa kwa subira kubwa. Nyingine zilikuwa za mfupa, na nyingine mbegu za mimea ya jamii ya ndago zilizotungwa kwenye uzi. Kilichowashangaza watafiti zaidi ni vitu ambavyo kwa kawaida havidumu hata miaka hamsini katika udongo wa kitropiki: kamba, kazi za ususi, kibuyu, na chombo cha mbao kilichonakshiwa kwa ustadi. Vyote vilikuwa vimegeuka makaa bila kupoteza umbo.

Matokeo yalichapishwa Oxford mwaka 1950 katika kitabu cha Mary na Louis Leakey kuhusu uchimbaji wa pango hilo. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimechelewesha mambo mengi. Katika miaka ile wataalamu walizoea kupima mafuvu ili kuwapanga watu katika mbari, wakiamini kwamba wafugaji wa kale lazima walikuwa watu wa aina tofauti na Waafrika waliowakuta wakoloni. Mawazo hayo yameachwa. Lakini michoro, vipimo na vitu vyenyewe vimebaki na manufaa, kwa sababu Mary Leakey alikuwa mchoraji hodari na mwandishi wa kumbukumbu makini kuliko wengi wa wakati wake.

Vitu vya Njoro huwekwa katika kundi ambalo wanaakiolojia huliita Elmenteita, kutokana na ziwa lililo kusini mwa Nakuru. Watu wa kundi hilo waliishi magharibi mwa Bonde la Ufa na katika nyanda za Loita na Mara, na obsidiani waliyoipenda ilitoka katika miteremko ya Mlima Eburu. Wenzao wa kundi la pili, ambao Luxmanda ni mwao, walikuwa na vyungu vya mitindo mingine, na wale waliokaa Kenya walichukua obsidiani hasa upande wa Naivasha. Kuchoma maiti ni desturi inayohusishwa na kundi la kwanza. Kundi la pili linajulikana zaidi kwa maziko yaliyofunikwa na marundo ya mawe. Marundo ya namna hiyo yapo pia ndani ya kreta ya Ngorongoro. Louis Leakey aliandika kuhusu uchimbaji wake mwaka 1966, na humo pia mabakuli ya mawe yalikutwa pamoja na wafu.

Moto unaharibu nini, unahifadhi nini

Watu wengi hudhani kwamba mwili uliochomwa hugeuka majivu. Kwa kweli kinachobaki ni mfupa. Moto huondoa maji kwanza, kisha nyama na mafuta, kisha kolageni, yaani protini inayoupa mfupa unyumbufu wake. Sehemu ya madini haiungui. Katika matanuri ya kisasa ya kuchomea maiti vipande vinavyobaki husagwa kwa mashine, na huo unga ndio familia hukabidhiwa kama majivu. Mtu mzima huacha kilo moja na nusu hadi tatu hivi. Watu wa kale hawakuwa na mashine ya kusaga, hivyo mwanaakiolojia hukuta vipande vinavyoweza kutambulika, vingine vikubwa kama kidole.

Rangi ya mfupa ndiyo kipimajoto cha kwanza. Mfupa uliopata joto kidogo huwa wa kahawia. Kadiri joto linavyopanda unakuwa mweusi, kwa sababu kolageni imegeuka kaboni; ukiendelea unakuwa wa kijivu, na ukivuka nyuzi 650 au 700 za selsiasi unakuwa mweupe kama chaki. Mfupa mmoja unaweza kuwa na rangi zote hizo. Nyonga yenye nyama nyingi hubaki nyeusi wakati kifundo cha mguu kimeshakuwa cheupe, na mtaalamu anaweza kusema mwili ulilazwa vipi juu ya kuni na upande gani ulikuwa karibu na moto.

Nyufa nazo husema. Mfupa uliochomwa ukiwa bado na nyama hupinda na kupasuka kwa mistari iliyojikunja kama kucha. Mfupa mkavu, wa mtu aliyekufa zamani, hupasuka kwa mistari iliyonyooka zaidi. Tofauti hii ina uzito, maana kuna jamii zilizochoma maiti siku ya mazishi, na kuna jamii zilizofukua mifupa baada ya miaka na kuitia moto katika sherehe ya pili. Aidha kuna uwezekano wa tatu usiopendeza: kwamba hapakuwa na sherehe yoyote, ila watu wa baadaye waliwasha moto wa kupikia juu ya kaburi ambalo hawakulijua. Mapango ya Afrika ya Mashariki yametumiwa na wachungaji, warina asali na wawindaji kwa maelfu ya miaka, na wote hao waliwasha moto.

Kuhusu vibuyu na mbao za Njoro, maelezo yako katika hewa. Mti ukiungua mahali penye hewa ya kutosha hugeuka majivu. Ukifunikwa hata hewa ikawa haba, hugeuka mkaa. Wachoma mkaa wote wanalijua hilo, na tanuri la udongo linalofukiwa porini hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Mkaa hauliwi na mchwa wala hauozi. Rundo la maiti, kuni na vyombo ndani ya pango lililofunikwa kiasi liligeuka kuwa tanuri la namna hiyo. Moto ule uliofuta sura za wafu ndio uliohifadhi uzi wa shanga zao.

Namna ya kuchimba

Kaburi lenye mifupa isiyoungua huchimbwa kwa kufuata mwili: fuvu likionekana, mchimbaji anajua mabega yatakuwa wapi. Mabaki yaliyochomwa hayana ramani hiyo. Ndiyo maana siku hizi eneo hugawanywa katika miraba midogo kwa kamba, na kila mraba huteremshwa kwa vina vya sentimita chache. Mwiko wa mwashi hutumika mwanzoni. Mifupa ikianza kutokea unawekwa kando, na kazi inaendelea kwa brashi laini na vijiti vya mianzi, kwa sababu chuma huukwaruza mfupa uliolainishwa na moto.

Udongo wote hupitishwa katika chekeche. Chekeche la tundu kubwa linapoteza ushanga wa mbegu na jino la mtoto mchanga, kwa hiyo udongo wa kwenye maziko hupita katika wavu wa milimita moja au mbili, mara nyingi kwa maji. Pia sehemu ya udongo huelekezwa katika ndoo ya maji ikoroge, makaa mepesi na mbegu vielee juu na kukusanywa. Kutokana na makaa hayo mtaalamu wa mimea hutambua ni kuni za mti gani zilizotumika.

Mahali ambapo vipande ni vidogo mno au vimeshikamana, tabaka lote hukatwa kama kipande cha keki, hufungwa kwa bendeji na plasta, na kupelekwa maabara likiwa zima. Kazi inayochukua nusu saa porini inaweza kuchukua wiki tatu mezani. Gharama yake ni kubwa, lakini bila hivyo mpangilio wa vipande hupotea, na mpangilio ndio unaoonyesha kama mifupa ilikusanywa na kuwekwa kwenye kikapu au iliachwa pale ilipoungulia.

Katika kuhesabu watu, mfupa unaopendwa zaidi ni ule mgumu unaozunguka sikio la ndani. Unavumilia moto kuliko karibu mfupa mwingine wowote, na kila mtu ana mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Ukipata mifupa 12 ya masikio ya kushoto, waliochomwa hawapungui 12. Wanaweza kuwa zaidi, na ripoti nzuri husema hivyo.

Tarehe

Mary Leakey alipochimba Njoro hapakuwa na njia ya kujua umri wa mabaki isipokuwa kulinganisha vyungu na tabaka. Upimaji wa kaboni-14 ulitangazwa na Willard Libby mwaka 1949, mwaka mmoja kabla kitabu cha Njoro hakijatoka. Vipimo vilivyofanywa baadaye kwa makaa ya pangoni vilionyesha kwamba maziko yalifanyika takriban miaka 3,000 iliyopita, na mwaka 1984 Harry Merrick na Michael Monaghan waliyachambua upya katika jarida la Azania. Umri huo uliwafanya waliochomwa Njoro kuwa miongoni mwa wafugaji wa mwanzo kabisa wa kusini mwa Kenya.

Mfupa mweupe uliochomwa sana ulidhaniwa zamani kuwa hauna faida kwa kaboni-14, maana kolageni imeteketea. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 maabara zimejifunza kutumia kaboni kidogo iliyofungwa ndani ya madini yenyewe. Ila kuna mtego: sehemu ya kaboni hiyo huingia kutoka kwenye moshi wa kuni. Kama kuni zilikuwa za gogo lililokauka miaka 200 kabla, marehemu ataonekana mzee kuliko alivyokuwa. Dawa yake ni kupima mfupa pamoja na kitu chenye maisha mafupi kutoka moto uleule, mfano mbegu au kijiti chembamba. Kwa upande mwingine mfupa mweupe una sifa moja ambayo mfupa wa kawaida hauna: madini ya strontiamu ndani yake hayachanganyiki kwa urahisi na ya udongo unaouzunguka, na kwa hiyo yanaweza kuonyesha mtu alikulia au aliishi katika ardhi ya miamba ya aina gani.

Kwa nini wengine walichomwa

Kwa muda mrefu jibu rahisi lilikuwa kwamba waliochoma maiti na waliozika chini ya mawe walikuwa watu wa asili mbili, walioingia Bonde la Ufa kwa njia mbili. Mwaka 2019 Mary Prendergast na wenzake walichapisha DNA ya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania, wakiwemo wa Pango la Gishimangeda karibu na Ziwa Eyasi. Ilionekana kwamba wafugaji wa kundi la Elmenteita na wafugaji wa kundi la pili hawatofautiani kwa nasaba. Walikuwa watu wamoja, au walau waliooana kiasi cha kutotengana.

Matokeo haya yanabadilisha swali. Ikiwa damu ni moja, basi vyungu tofauti, obsidiani kutoka mlima tofauti na njia tofauti ya kuwaaga wafu vilikuwa mambo ya kuchagua: dalili za kusema sisi ni sisi na wale ni wale, kama ambavyo leo koo mbili za kabila moja huweza kutofautiana katika miiko na alama za mifugo. Hata ndani ya kundi la Elmenteita si kila maiti ilichomwa. Pango la Njoro lilikuwa mahali pa watu fulani kwa muda fulani.

Jambo jingine ni usawa. Seti ya bakuli, mchi na jiwe la kusagia kwa kila mtu haionyeshi tajiri na maskini. Hali inayofanana na hiyo imeonekana Lothagam, magharibi mwa Ziwa Turkana, ambako wafugaji wa kabla yao, miaka 5,000 hadi 4,300 iliyopita, walijenga jukwaa kubwa la mawe na kuzika chini yake watu wanaokadiriwa kuwa si chini ya 580, wa rika zote, wengi wao wakiwa na mapambo. Wafugaji huhamahama, kaburi la pamoja linakaa pale pale. Kwa watu waliotawanyika kufuata mvua, mahali pa wafu huenda palikuwa ndipo mahali pekee pa kurudi.

Nje ya Bonde la Ufa

Njoro si ya kwanza katika Afrika. Chini ya Mlima Hora, kaskazini mwa Malawi, kuna kibanda cha mwamba ambako watafiti walikuta mahali pa kuchomea maiti penye umri wa miaka 9,500 hivi, kabla ya ufugaji kufika sehemu hizo. Kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwanzoni mwa mwaka 2026, aliyechomwa alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye kimo kifupi. Vipande vya mifupa yake vilikuwa takriban 170, fuvu halikuwepo, na kuni zilizokusanywa zilikadiriwa kuwa angalau kilo 30. Ni wawindaji na wakusanyaji waliofanya kazi hiyo, watu ambao vitabu vya zamani viliwaeleza kana kwamba hawakuwa na muda wa ibada.

Duniani, mfano wa zamani zaidi unaojulikana ni wa Ziwa Mungo nchini Australia. Mwaka 1968 mwanajiolojia Jim Bowler alikuta huko mabaki ya mwanamke aliyechomwa, mifupa yake ikapondwa na kuchomwa tena, miaka ipatayo 40,000 iliyopita. Mabaki hayo yalichukuliwa kwenda kuchunguzwa mjini, na wenyeji wa eneo hilo walidai yarudishwe hadi yaliporudishwa mwaka 1992. Kisa hicho kimekuwa fundisho kwa wanaakiolojia wa nchi nyingi kuhusu kuomba ruhusa kabla ya kuondoa wafu wa watu.

Katika Afrika ya Mashariki ya leo kuchoma maiti ni desturi ya Wahindu hasa, na jamii nyingi za Waafrika zinaichukia. Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani, alipofariki mwaka 2011 mwili wake ulichomwa Nairobi kwa mujibu wa wosia wake, kwani hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza. Wapo waliosema jambo hilo ni la kigeni. Njoro, isiyofika kilomita 200 kutoka hapo, ilikuwa na watu waliochomana kwa heshima miaka elfu moja kabla ya Kristo.

Wafu wa kale na watu walio hai

Karibu na Babati si kila kilima cha kaburi ni cha kale. Wabarbaig humpa mzee mwenye heshima kubwa mazishi yaitwayo bung'eda: kaburi lake hujengewa kilima cha udongo ambacho huinuliwa hatua kwa hatua kwa miezi kadhaa, na watu wengi hukusanyika siku ya kukikamilisha. Wazao wanajua kila kilima ni cha nani. Mtafiti anayefika na ramani za setilaiti bila kuuliza wazee anaweza kujikuta anapanga kuchimba babu ya mwenyekiti wa kijiji.

Uhusiano wa wakazi wa sasa na wafugaji wa kale hujadiliwa sana. Kiiraqw na Kigorowa ni lugha za Kikushi cha Kusini, na wanahistoria wengi huona ndani yake mwangwi wa lugha za wafugaji wa kwanza. Mifupa haisemi lugha, kwa hiyo hoja hiyo inategemea majina ya mahali, maneno ya kukopa kuhusu mifugo na, siku hizi, DNA.

Nchini Tanzania vitu na majengo ya kale hulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Mwaka wa mpaka katika sheria hiyo ni 1863: kilichotengenezwa na binadamu kabla ya hapo ni urithi wa taifa, na kukichimba bila leseni ni kosa. Mtafiti, awe Mtanzania au mgeni, anahitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mkulima anayekuta mifupa shambani hana kosa lolote. Anatakiwa kuacha kulima mahali hapo na kutoa taarifa kwa serikali ya kijiji, ambayo huwasiliana na afisa utamaduni wa wilaya.

Hatari kubwa zaidi kwa maziko ya kale si jembe bali uvumi. Katika sehemu nyingi za Tanzania watu huamini kwamba Wajerumani, walipoondoka wakati wa vita vya kwanza vya dunia, walifukia dhahabu na kuweka alama za mawe. Katika maeneo ya michoro ya miambani ya Kondoa, kusini mwa Babati, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, yapo mashimo yaliyochimbwa na watafuta hazina chini kabisa ya michoro. Rundo la mawe la wafugaji wa kale linafanana vizuri na alama wanayoitafuta. Wakilichimba hukuta vipande vya mifupa, bakuli la jiwe lililovunjika na makaa, huvitupa pembeni na kuendelea chini, na tabaka lililokaa miaka 3,000 huisha kwa usiku mmoja. Makaa hayo yangetosha kupimwa kwa kaboni-14. Kiasi kinachohitajika kwa mashine za leo ni chini ya uzito wa punje moja ya mchele.